Muundo Si Kikombe: Uhakiki wa Lugha ya Ubora wa Jasi ya Itigi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna ubora wa jasi, madini yanayochimbwa Itigi mkoani Singida, unavyoelezwa kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba lugha ya biashara na lugha ya istilahi huuchukulia ubora wa malighafi kuwa ni suala la kilichomo na kiasi chake, ilhali sifa za kihandisi hutokana pia na namna kilichomo kilivyopangika. Kwa kuongozwa na nadharia ya Umuundo pamoja na mjadala wa fani na maudhui, makala inachunguza kipimo cha asilimia ya usafi, istilahi ya ugumu, na vitenzi kukauka na kuganda. Imebainika kwamba lugha ya mafundi, licha ya kutosanifiwa, huhifadhi tofauti za muundo ambazo lugha rasmi huzifuta. Makala inapendekeza kwamba usanifishaji wa istilahi za uhandisi uanzie katika karakana, na kwamba ubora wa jasi uelezwe kwa vipimo zaidi ya kimoja.

Maneno muhimu: jasi, Itigi, muundo wa ndani, istilahi, ubora, Umuundo

1.0 Utangulizi

Itigi ni mji mdogo katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, ulio kando ya Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914. Wataalamu wa mimea huufahamu kwa vichaka vyake vizito vinavyobeba jina la mji wenyewe. Wenye viwanda vya saruji huufahamu kwa jasi. Tabaka za madini hayo ziko karibu na uso wa ardhi, zikiwa zimechanganyika na udongo, na kwa sababu hiyo hata mchimbaji mdogo mwenye sururu na koleo huweza kuzifikia.

Baina ya mchimbaji huyo na mnunuzi kuna swali moja linalotawala: jasi hii ni asilimia ngapi? Swali hilo lina uzito, kwa sababu jibu lake huamua bei, na mara nyingine huamua kama mzigo utapokelewa au utabaki shimoni. Hata hivyo, swali lenyewe limebeba dhana ambayo haijahakikiwa vya kutosha: kwamba ubora wa jiwe ni wingi wa dutu fulani iliyomo ndani yake, kana kwamba jiwe ni gunia na dutu hiyo ni nafaka.

Makala hii inaihakiki dhana hiyo. Lengo lake si kuukataa upimaji wa kikemia, bali ni kuonesha unachokiacha nje, na kuonesha kwamba kinachoachwa nje na kipimo huachwa pia na msamiati rasmi wa Kiswahili. Uhakiki huu ni wa kimaelezo. Data zake za lugha ni maneno yanayotumika kwa kawaida katika machimbo, maduka ya vifaa vya ujenzi na karakana. Data zake za kisayansi ni maarifa yaliyokwisha kuthibitika kuhusu jasi na saruji.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Nadharia ya Umuundo, iliyotokana na mawazo ya Ferdinand de Saussure yaliyochapishwa mwaka 1916, inashikilia kwamba kipashio hakina thamani kikiwa peke yake. Thamani yake hutokana na uhusiano wake na vipashio vingine katika mfumo. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameitumia nadharia hii kwa miongo mingi kuchunguza hadithi, ushairi na methali. Haijazoeleka kuitumia kuhakiki lugha inayoelezea mawe. Hata hivyo, dai lake kuu linafanana sana na dai la sayansi ya malighafi, kwamba dutu zilezile zikipangwa kwa uhusiano tofauti huzaa sifa tofauti.

Katika uhakiki wa Kiswahili, suala hilo limejadiliwa kwa majina ya fani na maudhui. Upo mfano maarufu unaoilinganisha fani na kikombe na maudhui na chai: chai ndiyo inayonywewa, kikombe ni chombo tu. Mfano huo umepingwa kwa sababu nzito. Chai ikimiminwa katika kikombe kingine hubaki chai ileile, lakini shairi likivunjwa umbo lake na kuandikwa upya kwa nathari halibaki shairi lilelile. Umbo ni sehemu ya maana.

Makala hii inachukua pingamizi hilo na kulipeleka Itigi. Inadaiwa kwamba asilimia ya usafi ni mfano wa kikombe na chai uliohamia katika biashara ya madini. Katika mjadala unaofuata, “muundo wa ndani” una maana ya ukubwa, umbo na mpangilio wa fuwele, pamoja na vitundu na uchafu ulio kati yake, mambo ambayo mengi huonekana kwa hadubini.

3.0 Dutu Moja, Miundo Mingi

Jasi ni salfeti ya kalsiamu iliyofungamana na maji. Kwa kila molekuli moja ya salfeti hiyo kuna molekuli mbili za maji, nayo maji hufikia takriban asilimia 21 ya uzito wa jasi safi. Maji hayo hayakulowesha jiwe. Yamejengwa ndani ya fuwele, katika matabaka yanayopishana na matabaka ya salfeti. Mshikamano kupitia tabaka la maji ni dhaifu, ndiyo maana fuwele ya jasi hupasuka kwa wepesi kufuata bapa moja na huweza kukwaruzwa kwa ukucha. Katika mizani ya Mohs, yenye daraja 1 hadi 10, jasi ina daraja la 2. Ulaini huo, kwa hiyo, ni matokeo ya mpangilio.

Jasi ikichomwa kwa joto la kadiri ya nyuzi 120 hadi 160 za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga unaojulikana kama plasta ya Paris. Unga huo ukichanganywa na maji huyarudisha maji yaliyotoka. Fuwele mpya huota zikiwa na umbo la sindano, hupitana na kusokotana, na uji huganda. Kikemia, mwisho wa safari ni sawa na mwanzo wake: jiwe lililotoka ardhini na plasta iliyoganda ni dutu moja. Kimuundo ni vitu viwili tofauti.

Tofauti huanza mapema zaidi, katika namna ya kuchoma. Jasi ikichomwa katika tanuri kavu la wazi, chembe za unga huwa zimechanika na zenye vitundu vingi. Ikipikwa kwa mvuke wenye mgandamizo, chembe huwa fuwele zilizokamilika na kushikamana vyema. Aina zote mbili zina kanuni moja ya kikemia. Lakini chembe zilizochanika zina uso mpana, hivyo hudai maji mengi kabla ya uji kumiminika. Kwa mmenyuko wenyewe, gramu 100 za unga huhitaji takriban gramu 18.6 tu za maji. Yote yanayozidi hapo hubaki kati ya fuwele, kisha hukauka na kuacha vitundu. Unga wa tanuri la wazi huhitaji maji yanayozidi kiwango hicho mara tatu au zaidi, ilhali ule wa mvuke huhitaji pungufu sana.

Matokeo yanapimika. Katika vifaa vya matibabu ya meno, plasta ya kawaida hutarajiwa kuhimili mgandamizo wa takriban megapaskali 9. Ile ya kutengenezea mifano ya meno takriban 20. Na ile ya mifano inayodai usahihi mkubwa takriban 35. Karibu mara nne ya nguvu imepatikana bila kubadili dutu. Kilichobadilika ni umbo la chembe na wingi wa vitundu.

Hapa mfano wa kikombe na chai unaanguka. Kama muundo ungekuwa chombo tu, nguvu ingebaki ileile katika kila chombo.

4.0 Uhakiki wa Asilimia

4.1 Asilimia moja, mawe mawili

Chukua mizigo miwili ya jasi, kila mmoja ukiwa na usafi wa asilimia 80. Katika mzigo wa kwanza, udongo umekaa katika michirizi na mabonge yaliyojitenga na fuwele. Katika mzigo wa pili, udongo ni vumbi laini lililomezwa na fuwele zilipokuwa zikiota. Cheti cha maabara kitaipa mizigo yote alama moja. Lakini mzigo wa kwanza unaweza kuchambuliwa kwa mkono, kuchekechwa na kupandishwa daraja palepale machimboni. Wa pili hauwezi kutenganishwa bila kusagwa na kuoshwa kwa mitambo. Wa kwanza una ubora uliofichika, wa pili hauna.

Mchimbaji mzoefu huiona tofauti hiyo anapolipasua jiwe. Hata hivyo, ujuzi wake hauna nafasi katika mazungumzo ya bei, kwa kuwa lugha ya mazungumzo hayo ina nomino moja na tarakimu moja. Akikubali asilimia 80 kwa mzigo wa kwanza, anauza pamoja na jiwe kazi ambayo angeweza kuifanya mwenyewe. Huu ndio uzito wa kijamii wa suala linaloonekana kuwa la kimaabara: anayemiliki lugha ya kupima ndiye anayemiliki faida iliyo kati ya jiwe kama lilivyo na jiwe kama linavyoweza kuwa.

4.2 Kipimo kisichoona umbo

Mtetezi wa asilimia anaweza kusema kwamba kiwanda cha saruji hakihitaji uzuri wa fuwele, kinahitaji salfeti. Hoja hii inastahili kuchunguzwa, kwa kuwa saruji ndiyo mtumiaji mkuu wa jasi.

Jasi huongezwa katika klinka, yaani punje zinazotoka tanurini, kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 5 hivi, kisha vyote husagwa pamoja. Bila jasi, sehemu ya saruji iitwayo aluminati ya kalsiamu humenyuka na maji kwa kasi, na zege huweza kuganda kabla fundi hajalimimina. Jasi ikiyeyuka, salfeti yake huungana na aluminati na kutengeneza fuwele za etringaiti zinazoota juu ya chembe za aluminati na kuuchelewesha mmenyuko. Hivyo kazi ya jasi katika saruji ni kazi ya muundo: kuota mahali panapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa.

Wakati huo hautegemei wingi wa salfeti peke yake, bali na kasi ya kuyeyuka kwake. Kinu cha kusagia kikipata joto kupita kiasi, sehemu ya jasi hupoteza maji na kuwa plasta ndani ya saruji yenyewe. Saruji hiyo ikikutana na maji, plasta huganda kwanza na kulifanya zege likakamae mapema. Likikorogwa tena, hulegea. Jambo hili huitwa kuganda kwa uongo. Kwa upande mwingine, salfeti isiyo na maji kabisa, iitwayo anihaidraiti, huyeyuka polepole na huenda isifike kwa wakati. Kipimo cha kikemia kinachohesabu salfa peke yake hakitofautishi jasi, plasta na anihaidraiti. Kwa kipimo hicho, zote ni salfeti.

Kwa hiyo hata mahali ambapo hoja ya asilimia inaonekana kuwa na nguvu zaidi, haijitoshelezi. Inaeleza kilichomo lakini haielezi kitakavyotenda.

5.0 Uhakiki wa Istilahi

5.1 Ugumu

Kiswahili cha kawaida hutumia kivumishi kimoja, -gumu, kwa mtihani mzito, nyama isiyoiva, mti usiokatika, jiwe lisilokwaruzika na mtu bahili. Upana huo ni utajiri katika fasihi. Katika uhandisi ni mtego, kwa kuwa unakusanya sifa nne zisizofanana: kukataa kukwaruzwa, kuhimili mzigo, kukataa kupinda, na kuzuia ufa usienee. Kioo hukataa kukwaruzwa kuliko chuma laini, lakini pigo moja hukivunja na chuma hicho hubonyea tu. Kati ya hivyo viwili, kipi ni kigumu? Swali halina jibu mpaka neno ligawanywe.

Makala inapendekeza “ugumu” libaki kwa kukataa kukwaruzwa, “nguvu” kwa kuhimili mzigo, “ukakamavu” kwa kukataa kupinda, na “ustahimilivu wa ufa” kwa sifa ya nne. Mgawanyo huo hauhitaji neno geni hata moja. Unahitaji tu uamuzi na uthabiti wa matumizi.

Kwamba Kiswahili kinaweza kufanya mgawanyo wa aina hiyo kunathibitishwa na msamiati wa wahunzi. Lugha ilikuwa na chuma, pua na feleji kabla ya maabara za kisasa. Majina hayo yalitofautisha metali ambazo zote kwa sehemu kubwa ni chuma, lakini hazishiki makali kwa namna moja. Tofauti hiyo hutokana na kaboni kidogo pamoja na namna metali ilivyopashwa moto na kupozwa. Reli inayopita Itigi ni ushahidi mwingine wa kanuni hiyo. Pua ya reli za kawaida huwa na matabaka membamba yanayopishana, moja la chuma laini na moja la kabaidi ya chuma. Kadiri matabaka yanavyokuwa membamba, ndivyo reli inavyostahimili kulika kwa magurudumu.

5.2 Kukauka na kuganda

Kosa lenye madhara zaidi limo katika vitenzi. Husemwa kwamba plasta imekauka, saruji imekauka, zege limekauka. Kitenzi hicho kinadokeza kwamba nguvu huja kwa kuondoka maji. Kwa kweli plasta huganda kwa kuyapokea maji ndani ya fuwele. Baada ya hapo tu ndipo kukauka kunapokuwa na manufaa, kwani maji ya ziada yakitoka, plasta iliyoganda huongezeka nguvu.

Katika saruji hali ni kinyume. Mmenyuko wa saruji na maji huendelea kwa siku na wiki nyingi. Zege likikaushwa mapema, mmenyuko hukoma, muundo wa ndani hubaki na vitundu vikubwa, na nguvu haifikii kiwango. Ndiyo maana tofali za saruji humwagiliwa maji. Kitenzi kimoja, kukauka, kinatoa ushauri mzuri kwa dari na ushauri mbaya kwa msingi wa nyumba. Mwenye nyumba anayeamini kwamba tofali “zimekauka” vizuri juani amedanganywa na lugha kabla hajadanganywa na fundi. Kuganda kunapaswa kuwa istilahi ya mmenyuko, na kukauka istilahi ya kuondoka maji.

5.3 Majina ya karakana

Kinyume na lugha ya cheti, lugha ya mitaani hutofautisha. Jiwe kutoka ardhini ni jasi. Ubao wa dari unaofungwa na fundi ni jipsamu. Plasta inayofungwa katika mguu uliovunjika ni hogo. Kijiti kinachoandikia ubaoni ni chaki, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa jasi iliyochomwa. Msanifishaji anaweza kuyaona majina hayo kuwa ni vurugu inayofaa kuondolewa ili libaki neno moja.

Uhakiki wa kimuundo unayasoma kwa namna nyingine. Kila jina linataja dutu ileile katika mpangilio mwingine, kwa kazi nyingine. Jipsamu ni kiini cha plasta kilichobanwa kati ya karatasi mbili zinazobeba mvutano ambao plasta pekee isingeubeba. Hogo ni plasta iliyoshikwa na nyuzi za bandeji. Chaki hutakiwa kuwa dhaifu, kwani isipoacha chembe zake ubaoni haiandiki. Vitundu ambavyo ni kasoro katika mfano wa meno ni sifa njema mkononi mwa mwalimu. Ubora, kwa hiyo, haumo katika dutu wala katika muundo peke yake, bali katika ulinganifu wa muundo na kazi. Majina ya mafundi yamelitambua hilo, ingawa hayakulieleza.

Yasichokifanya ni kuonesha undugu. Anayenunua jipsamu dukani huenda asijue kwamba ni jasi, na mkazi wa Itigi huenda asiione dari hiyo kama mjukuu wa jiwe la kwao. Hapo ndipo istilahi rasmi ingepaswa kusaidia: kuhifadhi tofauti na kurudisha uhusiano. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa, lakini jina lake lenyewe linaonesha kwamba iligawanywa kwa kufuata masomo ya shule. Dhana inayosema kwamba kemia ileile huzaa fizikia tofauti kwa sababu ya mpangilio haina makao ya wazi katika mgawanyo huo.

6.0 Mapingamizi

Pingamizi la kwanza ni la gharama: asilimia ni rahisi kupima na hadubini ni ghali. Ni kweli, lakini si kila kipimo cha muundo kinadai hadubini. Jiwe lililopasuliwa huweza kukaguliwa kwa lenzi ya mkono. Udongo uliojitenga hujulikana kwa kuchekecha ndani ya maji. Maji yanayohitajika ili uji umiminike, na dakika zinazopita kabla haujaganda, hupimwa kwa mizani, kikombe na saa. Vipimo hivyo haviondoi asilimia; vinaisindikiza.

Pingamizi la pili ni la kinadharia: fuwele si ishara ya lugha, na Umuundo haukukusudiwa kwa mawe. Pingamizi hili lina ukweli wake. Uhusiano wa ishara na maana ni wa makubaliano ya jamii, ilhali uhusiano wa sindano za plasta na nguvu zake haungoji makubaliano ya mtu. Kwa sababu hiyo makala haikudai kwamba jiwe ni matini. Imedai kwamba lugha inayolieleza jiwe ni matini, nayo ikihakikiwa huonekana kurudia kosa ambalo uhakiki wa fasihi ulikwisha kulitambua.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba asilimia ya usafi, istilahi ya ugumu na kitenzi kukauka vina kasoro moja ya pamoja: vinaitazama dutu na kuufumbia macho mpangilio wake. Imeonesha pia kwamba kasoro hiyo haitokani na umaskini wa Kiswahili, kwani wahunzi na mafundi wamekuwa wakiutaja muundo kwa majina ya kazi.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, wasanifishaji wa istilahi waanze na maneno yaliyopo katika karakana na machimbo, wayapange, kisha ndipo waunde mapya. Pili, vitenzi kuganda na kukauka vitenganishwe katika vitabu vya ufundi na katika maelekezo ya ujenzi. Tatu, cheti cha jasi kitaje, pamoja na asilimia, hali ya udongo uliomo, maji yanayohitajika na muda wa kuganda, na kiandikwe kwa Kiswahili ambacho mchimbaji anaweza kukisoma na kukihoji. Mchimbaji wa Itigi akiweza kusema kwamba jasi yake ni asilimia 80 lakini udongo wake unachekecheka, atakuwa ameingia katika mazungumzo ya bei akiwa na sentensi nzima badala ya tarakimu moja.